Mafundo Mawili kwenye Kisu Chembamba

Majina yao wote ninayo. Nikifumba macho nawaona walivyokaa siku ile ya mkutano, nani kwenye benchi, nani juu ya jiwe, nani alisimama pembeni anatafuna muwa mpaka mwenyekiti akamwambia autupe. Lakini wajukuu zao tunakutana sokoni, wananipa shikamoo, wananibebea kikapu. Kwa hiyo majina nayaacha kifuani, naandika jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni unene wa kisu.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mhunzi. Kwetu milimani Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mkubwa wako kuliko baba. Kiwanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, ukipanda kutoka Bigwa unafika umeloa jasho na mawingu yako chini yako. Alifua visu, mundu na majembe kwa vyuma vya springi za malori mabovu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, dukani hamna kitu, hata wembe wa kunyolea ni habari. Kisu cha mjomba kilitafutwa na watu waliotembea kutwa nzima.

Watu hudhani kisu ni makali. Mjomba alikuwa anawacheka. Makali yanatiwa hata kwenye jiwe la mtoni, alisema, lakini unene ukikosewa motoni umekosewa moja kwa moja. Kisu alikipima kwa kukibana kati ya kidole gumba na cha shahada, macho amefumba, sehemu tatu: shinani karibu na mpini, tumboni katikati, halafu karibu na ncha. Kisu cha jikoni shina lake ni nene ili kisivunjike, lakini tumbo linashuka kuwa jembamba, kwa sababu kisu kinene hakikati gimbi, kinalipasua. Kisu cha kuchinjia hakishuki. Kinakwenda kinene tangu shinani mpaka karibu na mwisho, kisiyumbe shingoni mwa mnyama.

Na kwa kuwa wanunuzi wengi hawakusoma, na yeye hakusoma, alama yake ilikuwa uzi wa katani aliofunga kwenye mpini. Fundo moja ni kisu cha jikoni. Mafundo mawili ni cha kuchinjia. Matatu ni kinene kabisa, cha kukatia matawi na mabua. Mtu akishaona fundo hakuuliza tena. Fundo lilikuwa neno la mjomba.

Mwiko ulikuwa mmoja. Mwanamke aliyekwisha kuvunja ungo haingii kiwandani, na kisu kipya hakishikwi na mkono wa mwanamke mpaka kimefungwa fundo na kukabidhiwa.

Mimi niliuvunja mwiko huo msimu mzima wa mvua.

Ilianza mjomba alipoungua. Kipande cha chuma kilitoka kwenye koleo, akakidaka kwa mkono wa kulia bila kufikiri, kama mtu anavyodaka yai. Ngozi ya kidole gumba ilipona ndani ya mwezi. Lakini hisia haikurudi. Siku moja nilikuwa natwanga nyuma ya kiwanda, nikasikia ananiita kwa sauti ya chini kupitia tundu la ukutani, lile la kutolea moshi.

"Upo peke yako?"

"Nipo peke yangu, mjomba."

Kisu kikatoka kwenye tundu, mpini mbele. "Kishike. Sehemu tatu. Niambie."

Nilishtuka hata mchi ukaniponyoka. Wakati huo nilikuwa mtu mzima, nimeolewa, nimeachika, nimerudi kwa mama. Mwiko naujua. Nikamwambia, "Mjomba, mimi ni mwanamke."

"Najua wewe ni nani," akasema. "Kishike kabla hajaja mtu."

Nikakishika. Nikamwambia shina ni nene, tumbo ni jembamba, ncha ni nyembamba zaidi. Akasema fundo moja. Nikamsikia anahangaika na uzi, kile kidole kilichokufa hakishiki kitu, mwisho akautoa nje kupitia tundu nao. Nikafunga mimi. Tangu siku hiyo kazi ikawa hiyo. Yeye ndani anafua na kusugua kwa tupa, mimi nje chini ya upenu nabana na kufunga. Kiwandani sikuingia hata siku moja. Nilikuwa najifariji kwa hilo.

Msimu ule ndipo alipokuja mzungu wa visu. Alikuwa anafundisha mjini, na mapumziko yake yote ilikuwa kutafuta visu vilivyofuliwa kwa mkono. Hakuvitumia. Alivilaza kwenye sanduku lililotandikwa kitambaa chekundu, kila kimoja na kitanda chake. Alitulipa kwa springi za lori, na kwa mjomba hiyo ilikuwa bora kuliko chochote. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni.

"Shikamoo mzee. Je, ninyi mna visu siku ya leo?"

"Marahaba. Sisi tuna visu siku ya leo," mjomba akamjibu vilevile, na mama akakimbilia jikoni kuficha kicheko.

Alikuwa na kidude cha chuma chenye taya mbili. Anaziweka taya kwenye mgongo wa kisu, anazibana, anasoma namba, anaiandika kwenye kikaratasi kidogo na kukifunga kwa uzi kwenye mpini. Na yeye alikuwa na fundo lake, tuseme. Siku ya kwanza alipima shinani peke yake. Visu viwili, cha jikoni na cha kuchinjia, vyote akaviandikia namba ileile, nne. Akamwonyesha mjomba kwa furaha kwamba ni sawa.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Huyu anapima mtu kwa kofia," akaniambia. Halafu akamshika mzungu wa watu mkono, akausogeza na kidude chake mpaka tumboni mwa kisu. Cha jikoni, mbili. Cha kuchinjia, nne bado. Akausogeza karibu na ncha. Moja. Tatu. Mzungu akakaa chini kwenye majivu na suruali yake nyeupe. Akavitoa visu vyote sandukuni, akavipima upya vyote, na tangu hapo kila kikaratasi kilikuwa na namba tatu na idadi ya mafundo.

Mimi nilicheka siku ile kuliko wote. Nilikuwa naenda kisomo cha watu wazima mchana, herufi zilikuwa bado zinanipiga chenga lakini namba nilikwisha kuzijua, nikajiona msomi kuliko mzungu. Nakumbuka nilivyocheka. Ndiyo maana kilichofuata sijakisahau.

Karibu na maulidi kazi ilizidi. Visu vilitoka kwenye tundu kama vile ukuta unavizaa. Mimi nina magimbi motoni, nina maji ya kuchota, kisomo kinaanza, na mama ananiita. Nikaanza kubana shinani tu. Shina likiniambia nene, nafunga mawili. Mjomba ananiuliza, "Vipi hicho?" namjibu, "Kinene, mjomba." Wala hakuuliza sehemu tatu, maana aliamini nazibana.

Siku ya maulidi kijiji kilichinja dume lake la ng'ombe, lililofugwa na kijiji kizima, kwa zamu za kukata majani. Nyama watoto wengine walikuwa hawajaonja tangu maulidi yaliyopita. Sisi wanawake tulikuwa kwenye masufuria, maji yanachemka, vitunguu vimekatwa. Uwanja wa kuchinjia uko pale ukingoni mwa mteremko mkali, chini yake ni bonde na kijito.

Mchinjaji wetu alikuwa mtu makini, mrefu, anakunja kanzu na kuichomeka kiunoni kabla ya kazi. Alipiga bismillahi, akavuta kisu. Nikainua macho kutoka kwenye sufuria.

Kisu kilikuwa kimejipinda shingoni. Makali yamejikunja kama mdomo wa kopo. Mchinjaji alikuwa amekiinua, anakitazama, na wakati anakitazama dume likasimama kwa miguu ya mbele, likawakokota watu sita, kamba ikakatika. Likakimbia na shingo iliyokatwa nusu, damu inaruka mpaka kwenye masufuria yetu, likafika ukingoni, likaenda. Tulisikia linavyoanguka. Waliposhuka kijitoni na kisu kingine walikuta limevunjika shingo, limekufa.

Kibudu. Hapakuwa na mjadala. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema maneno mawili tu, "Haliwi, lizikeni," akageuka akaenda kutawadha. Jirani yetu mmoja Mkristo akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye kwa upande wake hana tatizo na nyama ile. Mkewe akamkanyaga mguu. Walichimba shimo mpaka alasiri. Watoto walisimama wanaangalia nyama inafukiwa, hakuna aliyelia, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kisu kilirudishwa kwa mjomba na mchinjaji mwenyewe. Alikitupa mlangoni, hakusalimia.

"Mafundo mawili, mzee. Niliyahesabu."

Mjomba alikiokota, akakigeuza, akakiweka juu ya fuawe, kile chuma anachogongea. Mimi nilikitazama kupitia tundu. Nilijua wakati ule? Nasema kweli, sikujua. Nilidhani chuma kilikuwa kibovu. Mtu hadhani kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo kubwa kama lile.

Siku ya tatu mzungu akaja, hana habari ya lolote. Akakiona kisu kilichopinda, macho yakamng'aa. Aibu yetu yote ilikuwa pale, yeye aliona kisu. Akakinyoosha kidogo kwa vidole, akaweka taya, akaandika. Akasogeza, akaandika. Akasogeza, akaandika. Halafu akakunja uso, akafungua sanduku, akatoa kisu cha jikoni chenye fundo moja, akalinganisha vikaratasi.

"Mzee, hii mafundo si ya kweli," akasema. "Kisu hiki ni kisu cha fundo moja."

Mimi nilikuwa pale mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni. Nikazisoma namba mwenyewe. Nne, mbili, moja. Na kwenye kile kingine, nne, mbili, moja.

Chai ilimwagika, sikuisikia inavyonichoma. Nikamwona mjomba ananitazama. Akachukua kisu kutoka kwa mzungu, akakirudisha taratibu ndani ya sanduku, akalaza na kikaratasi chake juu. "Kichukue," akamwambia. "Nenda nacho kwenu."

Jumapili mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Wanaume kwenye benchi na mawe, wanawake pembeni kwenye majani. Mjomba alikaa mbele peke yake, kofia magotini.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akasema, "mzee wetu amechoka. Kuchoka si kosa. Kosa letu ni kumwachia moto mtu aliyechoka. Kule bondeni yupo fundi, ana jiwe la kunolea la kuzungusha, visu vyake vyote vina unene mmoja, kama sahani za dukani. Yuko tayari kupanda huku. Mimi naona kiwanda apewe."

"Unene mmoja wa nini?" mama akauliza kutoka kwa wanawake. "Tumenyie magimbi kwa kisu cha kuchinjia?"

"Mama, subiri zamu yako."

"Zamu yangu huwa haifiki."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka dume, wakaacha. Mchinjaji akasimama. Alisema amechinja miaka yote kwa mafundo mawili ya mzee huyu, hakuwahi hata kupima, amekuwa anaamini fundo kama anavyoamini kibla. Sasa ataamini nini? Mtu mmoja nyuma akasema labda mzee siku hizi anahesabu mafundo kabla ya kunywa pombe na anafunga baada ya kunywa. Mjomba hakunywa pombe maisha yake yote.

Nilimtazama aseme. Alikuwa na maneno ya kumwokoa, maneno mawili tu, "Sikupima mimi." Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee, una lolote?" Akasema, "Kisu ni changu."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama.

"Kisu alikifua yeye, na alikifua sawasawa," nikasema. "Kilikuwa cha jikoni. Fundo nilifunga mimi. Nilipima shina, tumbo sikulipima."

Mchinjaji aligeuka polepole. "Wewe ulishika kisu nilichochinjia?"

"Nilikishika."

"Kabla hakijakabidhiwa?"

"Msimu huu wote nimevishika vyote. Kidole cha mjomba hakisikii tangu aungue."

Mama alijifunika kanga mdomoni. Nilikuwa nimetaka kumwokoa mjomba, na hapo hapo nikaona usoni mwa watu kwamba nimemmaliza. Kabla sijasema alikuwa mzee aliyekosea. Sasa alikuwa mhunzi asiye na kidole, aliyevunja mwiko, na visu vya msimu mzima vilikuwa majumbani mwa watu wote.

Mwenyekiti aligonga fimbo chini. Kisha akasema kila mwenye kisu, mundu au panga lililofungwa msimu huu alirudishe kiwandani kabla ya swala ya Ijumaa. "Mkivirudisha, maana yake wenyewe mmeukataa moto huu, na Jumamosi namwita fundi wa bondeni. Sitaamua mimi. Vyuma ndivyo vitakavyoamua."

Wiki ile sikula. Mjomba hakuwasha moto. Alikaa mlangoni, na mimi nilipita mbele yake na ndoo nikiwa nimeinamisha kichwa. Siku ya pili yake aliniambia, "Ukiwa unabana, tumbo ndilo kisu. Shina ni la mpini." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ghadhabu yake yote.

Jumatano wanaume wakaanza kuleta. Mundu, panga, visu vya mafundo mawili, wanaviweka chini bila kumtazama usoni. Alhamisi lundo likafika magotini. Mimi nikahesabu, si kwa kupenda. Kuna kitu sikukielewa. Vyote vilikuwa mafundo mawili na matatu. Cha fundo moja hata kimoja.

Nikaenda kwa jirani yetu wa chini, mama wa watoto wengi, aliyechukua visu vya jikoni viwili msimu ule. Nilimkuta anamenya magimbi kwa kimojawapo, uzi bado uko kwenye mpini.

"Mama, mbona hujarudisha?" nikamuuliza. "Kesho ndiyo mwisho."

"Nirudishe nimenyie meno?"

"Lakini umesikia. Nimevifunga mimi."

Aliacha kumenya. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa nguo kinyume. "Mwanangu, uzi huu umezungushwa mara mbili, ncha ikapitishwa chini, ikavutwa kulia. Mwanaume gani anafunga hivyo? Hivi ndivyo tunavyofunga matita ya mchicha, mimi, mama yako na bibi yako. Tangu kisu cha kwanza tulijua."

"Nani mlijua?"

"Sote."

Nilikaa chini kwenye maganda yake. Msimu mzima nilikuwa nabana visu nyuma ya ukuta, nasikiliza hatua za watu, na kila fundo nililofunga lilikuwa linanitaja kwenye kila jiko la mlima ule. Hakuna aliyeniuliza kisimani. Hakuna aliyenikonyeza.

"Na dume?" nikauliza.

"Dume ulikosea," akasema, akaendelea kumenya. "Usikosee tena."

Ijumaa mwenyekiti alikuja mwenyewe kutazama lundo. Alilizunguka, akainama, akachambua kwa fimbo. Akauliza visu vya wanawake viko wapi. Mjomba akasema hajui, yeye amekaa tu. Mwenyekiti akatuma mtu nyumbani kwake akachukue cha mkewe, angalau kiwepo cha mfano. Mtu yule alirudi mikono mitupu, anajaribu kutocheka. Mke wa mwenyekiti alikuwa amemwambia kisu kiko kwenye mboga, na akikichukua, mboga nayo aichukue aikatie kiwandani.

Mwenyekiti alikaa juu ya fuawe muda mrefu. Alikuwa amesema vyuma viamue, na nusu ya vyuma vilikuwa jikoni. Adhana ikalia. Akasimama, akajifuta majivu, akasema fundi wa bondeni angoje kwanza. Hakusema mpaka lini. Mpaka anakufa hakusema.

Mchinjaji hakuchukua tena kisu chetu. Alinunua cha mashine mjini, na sikumlaumu. Wanaume wengine walirudi mmoja mmoja kuchukua vyao, lakini kila kimoja kilipimwa upya kwanza, hadharani. Mjomba alitoa kigoda nje ya mlango, akakiweka pale ambapo kila mtu anaona, akaniambia nikae. Vile visu vyote vya lundo nilivibana sehemu tatu mbele yao, nasema kwa sauti, na walisimama wananitazama vidole. Vinne vilikuwa vya fundo moja, nilivyovifunga mawili. Vinne. Vingeweza kwenda kwenye shingo nyingine nne.

Kile kilichopinda kiliondoka na mzungu. Kama sanduku lile lipo bado huko kwao, kipo kwenye kitambaa chekundu na kikaratasi chake: nne, mbili, moja, mafundo mawili. Mtu wa kule akikisoma ataona mhunzi wa Uluguru alikosea. Mhunzi hakukosea. Nimeandika haya kwa sababu hiyo.